Mfukiaji na Ngoro za Mama Gaudensia

Kufikia saa nne asubuhi, Mfukiaji alikuwa ameshafukia mashimo mia mbili na kumi. Alikuwa mashine ya miguu sita, mkubwa kuliko lori, aliyeundwa kuponya vilima vya Umatengo baada ya mgodi wa makaa ya mawe kufungwa. Jicho lake lilipoona shimo, koleo lake lilishuka, likasukuma udongo na kuushindilia mpaka ukawa kama sakafu. Wageni walikuja kutoka mbali kumpiga picha.

Tatizo, siku hiyo alikuwa shambani kwa mtu.

"Shikamoo, mama," alisema Injinia Hyera, msimamizi wa mashine, akipanda kilima huku anahema.

"Marahaba. Zima hilo dude lako kwanza, ndipo tusalimiane."

Akalizima.

Mama Gaudensia Kapinga alikuwa amechambua makaa mgodini miaka kumi na mmoja. Mgodi ulipofungwa, wataalamu walimletea kazi mpya kila msimu. Uyoga ukaoza. Sungura wakafa. Akafundishwa kushona viatu, kijiji kizima kikafundishwa kushona viatu, sasa nani amuuzie nani? Mwishowe akarudi kwenye ngoro, mashimo ya kulimia aliyofundishwa na bibi yake. Na hii ilikuwa mara ya tatu Mfukiaji anazifukia pamoja na mbegu zake. Debe la maharage lililokuwa miguuni pake lilikuwa la mwisho, na mvua za kupandia zilikuwa zimebakiza wiki mbili.

"Mama, mashine imefundishwa kwa picha elfu tisini za mashimo," alieleza Hyera. "Ikiona shimo, inajua ni kidonda."

"Picha za wapi?"

"Za mgodini."

"Na za shambani?"

"Hakuna hata moja," alisema Hyera.

"Wewe si wa ukoo wa Hyera, wa huku huku Umatengo? Hujui ngoro ni shimo la kushika maji, maharage yanakaa kwenye matuta yake?"

"Nimezaliwa kota za mgodi, mama. Baba aliendesha lori la makaa. Chakula tulinunua dukani. Sijawahi kuchimba ngoro. Hakuna aliyenionyesha."

Mama Gaudensia alishusha pumzi ndefu. Hasira yake ilikuwa imepanga maneno mengi, sasa haikujua imtupie nani. Dude halikusahau kitu, halikuambiwa. Na huyu naye vilevile.

Akamrushia nyengo yake ya kufyekea nyasi.

"Mwanamume hukata nyasi na kuzilaza kwa miraba. Mimi nachimba katikati, nazifunika kwa udongo ziwe matuta. Mume wangu alikufa kwa vumbi la makaa, kwa hiyo zamu yake ni yako."

"Niwashe jicho la mashine, ijifunze?"

"Liwashe, lione. Ila lisiguse kitu mpaka wewe ujue."

Hyera akainama, akafyeka mara moja. Hata jani moja halikuanguka.

"Geuza, baba," alisema Mama Gaudensia, amefumba macho. "Makali yapo upande wa pili."