Mkwe Yuko Mlangoni

Maiti ya Kibwana ilikuwa imelala kifudifudi nyuma ya nyumba yake pale Mkumbara, paji la uso kwenye ngazi ya mawe, kifua wazi, miguu mitupu. Ndani, mezani, kulikuwa na sahani ya makande iliyokombwa hadi ikang'aa.

Inspekta Yuditha aliitazama sahani ile, akaagiza isiguswe.

Ndugu walikuwa wamekwisha kutoa hukumu. Kibwana alianza dawa ya presha asubuhi ile ile, kidonge alipewa na mkewe Mwanaisha, basi mke kamuua. Aliyepiga kelele kuliko wote ni Twaha, mdogo wa marehemu, aliyesema ndiye aliyeikuta maiti. Mwanaisha akawekwa mahabusu Korogwe, akiomba jambo moja tu: amuage mumewe kabla hajazikwa. Mazishi yalikuwa kesho yake alasiri.

Uchunguzi wa maiti haukuonyesha sumu. Ulionyesha jeraha kichwani na tumbo tupu. Makande basi kala nani?

Daktari Jonathan, aliyemwandikia dawa, alieleza kwamba kidonge cha kwanza huweza kushusha presha ghafla. Mgonjwa akiinuka haraka, macho humwingia giza akaanguka. Ndiyo maana kilitakiwa kumezwa usiku, kitandani. Mgonjwa alikuwa amechoka, amelala kwenye benchi la nje, hivyo maagizo alimpa mdogo wake.

"Akaniuliza sana," daktari alisema. "Akiinuka ghafla itakuwaje? Nikamsifu kwa kumjali kaka yake."

Kule mahabusu, Mwanaisha alisema shemeji yake alimwagiza ampe mumewe kidonge asubuhi, kabla ya kula, kisha amwache alale. Akafanya hivyo, akamwachia makande mezani, akaenda zake shambani.

Yuditha alirudi Mkumbara. Kandambili za marehemu zilikuwa chini ya kitanda, shati kwenye msumari. Yeye ni Msambaa, hakuhitaji kuelezwa. Mtu mzima wa huku hatoki mbio mlango wa nyuma akiwa kifua wazi ila kwa jambo moja: ameambiwa mama mkwe, ambaye kwa mila ni mwiko kukutana naye uso kwa uso, anaingia kwa mbele. Akapiga simu Vugiri. Bibi Maryamu, mama yake Mwanaisha, alikuwa na goti bovu, wiki nzima hajavuka ua wake.

Alimkuta Twaha msibani, anakula wali.

"Makande ya jana yalikuwa matamu?"

"Makande gani, afande?"

"Ya kaka yako. Yeye hakula. Ulimwambia mkwe yuko mlangoni, akakurupuka kitandani kumpisha."

Twaha akatabasamu. Mungu amsamehe, maana mimi siwezi.

"Kumwambia mtu mkwe wake anakuja ni kosa la sheria gani? Sikumgusa."

"Alikufa pale pale?"

Twaha akakoroga wali kwa vidole. "Aliniita."

"Mara moja?"

"Aliita, aliita, baadaye akanyamaza."

"Na wewe?"

"Nilikuwa na njaa."

Mengine aliyatoa kama mtu anayelalamika kuonewa. Kuna mtu alitaka kiwanja chao cha barabarani ajenge kituo cha mafuta. Makaburi ya wazazi wao yamo humo, na Kibwana aliapa hatamfukua mama yake ili malori yanywe dizeli. Twaha yeye aliona mama hana neno, si amekwisha kufa? Mke naye akifungwa, nani angebaki wa kumpinga? Jamani, tumbo moja lilizaa wote wawili.

Gari lililomleta Mwanaisha liliwahi kabla jeneza halijatoka. Aliingia chumbani peke yake, akamfunua mumewe uso, akamwambia maneno ambayo hakuna aliyeyasikia.

Nje, Twaha alikuwa ameketi nyuma ya gari la polisi na pingu zake. Hakuuliza kaka yake anazikwa saa ngapi. Alimwomba askari amletee ile sahani yake ya wali, kwa sababu hajaimaliza.