Unga Uliotakiwa Kuwa Buluu

Kila jioni wenzake walipokwenda kucheza rede, Hafsa wa darasa la saba alikwenda kushughulika na mifupa. Ndiyo, mifupa! Jirani yao wa Kilole mjini Korogwe, Mwalimu Mwatumu, anayefundisha kemia sekondari, huiomba kwa wauza supu wa Mombo. Huichemsha, huichoma mpaka iwe myeupe, kisha huisaga katika maabara ya shule.

"Jivu hili ni apatiti," alimwambia Hafsa, "madini yaleyale yaliyomo kwenye meno yako. Nataka kujua kama shaba inaweza kuingia ndani ya chembe zake na kukaa humo. Ikikaa, huenda siku moja unga huu ukatusaidia kusafisha maji."

Alililoweka jivu kwenye maji ya mrututu, ile dawa ya buluu ya vidonda vya mifugo, yenye shaba ndani yake. Kisha akaliosha, akaliosha tena, mpaka maji yakatoka bila rangi. "Shaba iliyoshika nje tu hatuitaki," alisema. Hafsa alimstaajabia. Mwanamke huyu hakujua kuchoka!

Unga ulipokauka, ulikuwa na buluu hafifu sana. Kesho yake mwalimu angeupeleka Dar es Salaam kwenye mashine ya eksirei ya kuchunguza chembe za madini, ambayo zamu yake aliingojea tangu mwaka jana. Alimwachia Hafsa aufunge kwenye kopo.

Hafsa aliona aibu kwa niaba yake. Wataalamu wa huko watasemaje? Mama yake akiona shati jeupe limefifia, huongeza bluu kidogo kwenye maji ya kufulia, nalo huwa zuri. Basi akavaa glavu, akasaga mrututu kidogo, akauchanganya na unga ule. Unga ukapendeza kwelikweli.

Asubuhi alimsindikiza mwalimu stendi ya Korogwe.

"Nimelala vizuri, mwanangu," mwalimu alisema huku amekumbatia kopo. "Najua tumeuosha sawasawa."

Maneno hayo yalimchoma Hafsa. Kondakta alikuwa tayari anaita abiria.

"Mwalimu, usipande! Niliongeza mrututu ili upendeze. Nisamehe."

Mwalimu aliliacha basi likaondoka. "Umenirudisha nyuma sana, Hafsa," alisema, na uso wake ulionyesha kwamba ameumia. Akapiga simu, akaomba, akabembeleza, mpaka akapewa nafasi ya wiki iliyofuata. Wakaanza upya na jivu lililobaki. Safari hii Hafsa ndiye aliyeosha, akilia kidogo, akiosha.

Mwalimu alirudi kutoka Dar es Salaam na mchoro uliojaa vilele, kama mtu aliyechora milima ya Usambara.

"Vyote ni vya apatiti, ila vimesogea kidogo. Maana yake shaba imeingia ndani!"

Hafsa aliruka kwa furaha, kisha akauliza taratibu, "Na ule wa kwanza?"

"Mchoro wake ungekuwa na vilele vya mrututu, nami ningedhani hatukuuosha vizuri. Hafsa, kazi hii haitaki unga unaopendeza. Inataka mtu anayesema alichofanya, hata akiwa amekosea na anaogopa. Mtu huyo nimempata."

Kisha akamkabidhi ufunguo wa kabati la mrututu.