Bilyana Afuta Mitindo ya Mama

Kila akirudi kutoka shule, Bilyana alitupa mkoba kwenye kochi, akakata kipande cha banitsa, andazi la jibini, na kuketi kwenye kompyuta ya mama yake. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na aliamini kwamba katika mji mzima wa Troyan hapakuwa na mwenye akili kumshinda. Walimu wake aliwaona mizigo tu. Mama yake Zdravka, mtarizi wa mavazi ya ngoma, hakuhesabiwa kabisa.

"Inajikokota kompyuta hii," mama alilalamika siku moja. "Jumapili mjomba wako Ognyan ataitazama."

"Mjomba? Yule fundi wa kukwangua simu? Mama, nenda zako sokoni. Niachie mimi."

Diski ya kompyuta ilikuwa imegawanywa sehemu mbili. Moja ilikuwa na mfumo unaoiendesha kompyuta. Nyingine ilitunza mitindo ya tarizi ambayo mama aliinakili kutoka nguo za mabibi wa vijijini, ili cherehani yake ya kompyuta iitarizi. Bilyana alipoanza kuweka mfumo upya, kompyuta ilimuuliza ni sehemu gani ifutwe. Kusoma maelekezo aliona ni kazi ya wajinga. Akafuta zote.

Mama aliporudi, mitindo haikuwepo. "Kompyuta yako imezeeka," Bilyana alisema bila haya. "Imeimeza yenyewe."

Mama alilia. Kikundi cha ngoma kilikuwa kinasubiri mavazi, na nguo za kunakilia zilisharudishwa kwa wenyewe. Bilyana, ili aonekane hana wasiwasi, aliendelea kupakua filamu wiki nzima.

Jumapili Mjomba Ognyan aliitazama kompyuta, akaguna.

"Imeimeza! Kwani diski ina meno? Kilichofutwa hapa ni mipaka ya sehemu. Mitindo bado imo, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Na hii inapakua nini sasa hivi?"

Mama alimgeukia Bilyana.

"Zima, mjomba! Izime! Ni mimi niliyefuta. Hizo ni filamu zangu."

"Ndiye huyu bingwa wetu," mjomba alisema kwa dharau, akachomoa waya.

Aliitoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake mwenyewe. Programu yake ilitafuta mipaka ya zamani mpaka jioni, kisha mitindo ikaanza kurudi, akainakili kwenye diski nyingine. Mama alipiga makofi kwa furaha. Lakini mtindo wa mikono ya shati la Bibi Penka, mmoja wa mabibi wale wa vijijini, ulikataa kufunguka. Filamu ilikuwa imeukalia.

Bilyana alijiinamia, machozi yakimtoka.

"Sikiliza, wewe," mjomba alisema. "Kosa lako lilifuta mipaka, nami nimeirudisha. Ungesema siku ileile, mama yako asingepoteza hata uzi mmoja. Mikono hii imefutwa na uwongo wako."

Mama alifunga cherehani yake. "Kesho utakwenda kwa Bibi Penka kuliazima tena lile shati," alisema. "Na sababu utamweleza wewe mwenyewe."