Barua Iliyorudi kutoka Gambia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Notburga aliteka maji ziwani, akafagia uwanja, kisha akaanika dagaa kwenye uchanja. Mama yake, Lusia, aliwasha moto huku akitupa macho ziwani, upande meli inakotokea. Eusebius, kaka yake Notburga, alipelekwa vitani Burma. Vita vilikwisha, vijana wengine wa kijiji chao cha Chiwanda wakarudi na makoti yao ya jeshi, lakini Eusebius hakurudi. Wala serikali haikuleta habari ya kifo chake.

Mwezi wa tatu mwaka 1946, tarishi aliyeshuka kutoka Mbinga alileta bahasha yenye stempu ya ajabu: tembo chini ya mchikichi. Mwalimu Bartholomayo, aliyejua Kiingereza, aliwasomea barua ile.

"Mimi ni Lamin Sise, askari wa Gambia. Nililazwa hospitali moja na Eusebius. Yu hai, lakini ameumia vibaya. Amenikataza kusema yuko wapi mpaka nijue kama nyumbani bado wanamtaka. Nijibuni, nami nitamwandikia. Mimi sasa ni mlinzi wa ghala la karanga karibu na gati, mjini Bathurst. Anwani yangu iko nyuma ya bahasha."

Mama Lusia alilia na kucheka kwa pamoja. "Mwandikie leo hii, Mwalimu! Mwambie hata mwanangu akija vipande vipande, ni wangu!"

Mwalimu aliandika jibu, akampa Notburga. "Wewe una mwandiko mzuri. Nakili anwani ya Lamin yote, usiruke hata mstari mmoja. Kesho uniletee."

Mwandiko mzuri alikuwa nao kweli. Uangalifu ndio uliompiga chenga. Jioni ile ile alikata ile stempu ya tembo akampa rafiki yake Vitalia, naye akapewa shanga. Bahasha akaiacha jikoni. Asubuhi alipoitafuta, hakuiona. Mama yake, ambaye hakujua kusoma, alikuwa ameiokota akidhani ni karatasi ya kutupa, akawashia moto.

Notburga alichakura majivu bure. Angesema wakati ule, labda mambo yangekuwa mepesi, lakini aliogopa. Ndipo akakumbuka somo la jiografia. Mwalimu alikuwa amechora Gambia ubaoni: nchi ndogo kabisa ya Afrika Magharibi, nyembamba, imebana kingo mbili za mto mmoja, na mji wake mkuu uko mdomoni mwa mto. Watu wake hulima karanga, na meli huzipakia gati baada ya gati.

"Nchi ndogo hivyo, nani asiyemjua Lamin?" alijiuliza. Pale Chiwanda mtu akitajwa jina tu, hata watoto watakuonyesha mlango wake. Basi akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Lamin Sise, Gambia, Afrika Magharibi.

"Umenakili yote?" Mwalimu aliuliza akiitia barua kwenye mfuko.

"Ndiyo, Mwalimu."

Miezi ikapita. Kila meli ilipopiga honi, Mama Lusia alisimama mlangoni, na kila mara alirudi ndani. Akaanza kukonda. Baba mdogo Ignatio alianza kuja jioni na kuongea na Mama kwa sauti ya chini, na Notburga akiingia, walibadili mazungumzo.

Mwezi wa nane, Mwalimu alimpa Notburga furushi la barua, bado limefungwa, agawe kijijini. Katikati ya furushi aliona mwandiko wake mwenyewe. Juu yake palipigwa mhuri wa rangi ya zambarau wa maneno ya Kiingereza, maana yake: ANWANI HAITOSHI. Aliificha barua ile kwenye makuti ya paa la jiko, na tangu siku hiyo hakuweza kupika bila kutazama juu.

Jumapili iliyofuata Baba mdogo alitoa uamuzi. "Shemeji, huyo Mgambia angekuwa na neno angekwishajibu. Kijana amekufa. Mwezi ujao tumlilie, tumalize msiba."

Mama Lusia hakubisha. Aliingia ndani, akatoa shati la Eusebius, akalifua taratibu ili apewe mtu mwingine. Notburga alimwona akilikunjua, akilikunja, akilikunjua tena. Hapo alishindwa kuvumilia. Alichomoa barua paani, akakimbia hadi kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Nilikudanganya." Akaeleza yote huku akilia.

Mwalimu aliweka kidole kwenye anwani. "Gambia ni ndogo kwenye ramani, Notburga, lakini ina watu zaidi ya laki mbili, na akina Lamin ni wengi mno. Sisi wenyewe barua zetu hupitia sanduku la misheni. Huko nako mtu asiye na sanduku huandikiwa kupitia kwa tajiri wake wa kazi. Bila hilo, tarishi ampelekee nani? Nenda kamwambie mama yako. Hilo sitakusaidia. La barua nitakusaidia."

Mama Lusia hakumpiga. Alikaa chini palepale uwanjani, akasema, "Miezi yote hiyo, mwanangu?" Notburga angependa fimbo kuliko swali hilo.

Walisoma tena barua ya Lamin, neno kwa neno. Mwalimu akamwandikia mkuu wa posta wa Bathurst, akimwomba amtafute Lamin Sise, askari wa zamani, mlinzi wa ghala la karanga karibu na gati. Safari hii Notburga alinakili kila mstari, na Mwalimu akakagua. Msiba ukaahirishwa.

Jibu la Lamin lilifika mwezi wa kumi na mbili. Eusebius alikuwa hospitali ya askari Nairobi, na Lamin alikuwa ameshampelekea habari kwamba nyumbani wanamtaka.

Mwezi wa pili mwaka 1947 meli ilitia nanga Mbamba Bay. Eusebius alishushwa kwa mashua, amekonda, mguu wa kulia haupo. Mama yake alimkumbatia hadi magongo yakaanguka mchangani. Baadaye Eusebius akauliza polepole, "Mbona mlichelewa hivyo? Nilidhani mmenikataa."

Notburga akasogea mbele. "Ni mimi, kaka. Nilipoteza anwani, nikasema uongo."

Eusebius alimtazama mpaka Notburga akainamisha kichwa. "Sikiliza, mdogo wangu. Karatasi inaweza kumpotea mtu yeyote. Ungesema siku ile ile, ningejua nina kwetu. Lakini ulinyamaza, na mimi kule kitandani nikadhani kunyamaza kwenu ndilo jibu. Ukikosea tena, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka."

"Nitasema, kaka."

"Haya, niokotee magongo. Twende nyumbani."