Ufunguo Alionyimwa Manassé

Sanduku la raketi lilikuwa wazi, tupu. Hatua chache kutoka hapo, kwenye pembe ya kushoto ya ukumbi, ukuta ulikuwa na tundu la kupitisha mtu mzima.

Inspekta Adolphine wa polisi ya Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, alipiga magoti, akachungulia nje. Matofali yote yalilala kule, kwenye majani. Ndani kulikuwa na vumbi tu. Akaligusa kwa kidole, akasimama.

Nje ya ukumbi, watu walikuwa tayari wamemtaja mwizi.

"Njo yeye, njo Manassé! Muntu wa milimani! Ameiba, atauzisha kule kwabo!"

Atauza raketi Minembwe, kule milimani! Kumbe ng'ombe wa kule siku hizi wanacheza raketiboli. Lakini mwaka ule wa 2003 nani alikuwa na muda wa kufikiri? Vita kati ya watu wa ziwani na wa milimani vilikuwa vimechosha kila mtu, na jiwe lilikuwa karibu na mkono kuliko akili.

Ukumbi huo zamani ulikuwa ghala la pamba. Humo ndimo Bienfait, mwana wa mvuvi wa Baraka, na Manassé, mwana wa wafugaji wa milimani, walimojifunza kupiga mpira ukutani mpaka wakachaguliwa kwenda Kigoma, kwenye mashindano ya kimataifa ya wanaume, wawili kwa wawili. Boti ilikuwa inaondoka saa sita mchana. Bila raketi, hakuna safari. Na kama mwizi asingejulikana kabla ya hapo, watu wangemmaliza Manassé.

Adolphine alimwingiza Manassé ofisini kwake, akafunga mlango.

"Kuna njia ya nyuma," alimwambia. "Unaweza kuondoka."

"Hapana, Mama Inspekta. Nikikimbia, batasema njo mimi. Mi niko hapa. Bakuje."

Akakaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri zamu yake ya kucheza.

Kocha Norbert aliitwa. Yeye ndiye aliyegundua wizi asubuhi.

"Ulikuta mlango namna gani?"

"Umefungwa. Kadenasi, ile kufuli ya inje, iko nzima. Njo maana mwizi alitoboa ukuta."

"Kadenasi iko na funguo ngapi?"

"Mbili. Moja yangu, moja ya Bienfait."

"Na Manassé?"

Norbert alicheka. "Manassé, funguo? Komite ilikataa! Batu bangesema nini? Alikuwa anangoja inje mpaka tufungue."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata kwa mvua."

Kabla hajauliza lingine, mlango ulisukumwa. Bienfait aliingia akihema.

"Mufungue huyu! Njo mimi niliiba!"

"We?" Adolphine alimtazama juu mpaka chini. "Kwa nini?"

"Nilichoka na mchezo. Mufunge mimi."

"Ulitoboa ukuta umesimama wapi?"

"Inje, kwa majani. Nilipiga na nyundo."

"Muongo mkubwa we," Inspekta alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. Manassé aliinamisha kichwa ili wasione macho yake.

Adolphine aliwatoa wote watatu hadi barazani, mbele ya umati. Alitaka kila mmoja asikie.

"Matofali yameanguka nje," alisema. "Aliyepiga alikuwa ndani. Alijifungia humo ili askari wa doria wasimwone, akapiga ukuta kutoka upande aliouzoea. Halafu akatoka mlangoni na kufunga kadenasi. Huyo ana ufunguo. Manassé hana. Mulimunyima! Sasa munataka kumuua kwa ukuta ambao hakuweza kuufikia kwa ndani?"

Watu wa mbele wakarudi nyuma hatua moja.

"Wenye ufunguo ni wawili, na Bienfait amekiri. Leo hii nampeleka gereza la Fizi."

Alikuwa anamtazama Norbert. Alishajua ni yeye.

"Hapana!" Kocha alipiga kelele. "Bienfait hapana! Huyu nimemulea. Njo mimi. Raketi ziko kwangu, ndani ya gunia ya mihogo."

"Kwa nini?"

"Kwa nini?" Norbert alimnyooshea Manassé kidole. "Ndugu yangu mudogo alienda kwa vita, hakurudi. Hata kaburi yake siijui! Na huyu aende asimame Kigoma chini ya bendera yetu, bamupigie makofi? Mi sikubali. Nilijisemea, akisingiziwa atakimbia, Bienfait ataenda na mwingine."

"Walikuwa karibu kumuua, Norbert."

"Nilijua," akasema. "Na sikusema kitu."

Manassé alisimama mbele yake.

"Na kaka yangu hakurudi, kocha. Ile siku nilikuja kwa mazoezi. Ulinifundisha namna ya kupiga pembe ya kushoto. Sikukuuliza ndugu yako alipigana na nani."

Norbert alinyoosha mikono ifungwe. Polisi wakamchukua.

Raketi zilipatikana, nyeupe kwa unga wa mihogo. Njiani kwenda ziwani watu walikuwa bado wamejipanga, na wengine mikono ilikuwa nyuma ya mgongo.

"Nani ana jiwe?" Adolphine aliuliza. "Lete nilione."

Hakuna aliyeleta. Bienfait alimshika Manassé mkono, kweupe, wakapita katikati yao.

Ufukweni Inspekta alitoa mfukoni ufunguo wa Norbert. Aliuinua juu hadi wanakomite wauone, kisha akauweka kwenye kiganja cha Manassé.

"Mukirudi, we njo utafungua. Komite njo itangoja inje."

Mzee mmoja wa komite alianza kusema, "Lakini, Mama Inspekta..."

"Lakini nini?"

Mzee akaangalia maji.

Kila raketi ya mchezo huo ina kamba ya kufunga mkononi. Manassé alipitisha ufunguo kwenye kamba yake, akakaza fundo kwa meno, akapanda boti.