Alama za Penseli Mlangoni

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani, na si mtu wa porojo.

Mumewe alihamishwa kikazi, wakawa wanahangaika kutafuta nyumba kwenye mtaa unaofaa watoto. Dalali akawapeleka pembezoni mwa mji. "Hapa watoto wanacheza mpaka wanasahau kula," akajisifia. Kweli, vicheko vilisikika nyuma ya kila ukuta, ila mtoto mwenyewe hawakumwona hata mmoja.

Ndani umeme ulikuwa umekatwa, korido giza totoro. Kwenye fremu ya mlango wa chumba cha watoto, rafiki yangu aliona kwa shida alama za penseli, za mzazi aliyekuwa akimpima mwanawe urefu kila mwaka.

"Mama, nipime na mimi!" binti yake akarukaruka.

Fundi ni fundi. Akamsimamisha pale, akamchorea alama kwa chaki ya kitambaa. Ndipo akawasha tochi ya simu asome tarehe zilizoandikwa kando ya zile za penseli.

Alama ya juu kabisa ndiyo ilikuwa ya zamani kuliko zote. Kila mwaka alama mpya ilishuka chini ya ile ya mwaka uliotangulia. Ya mwisho ilikuwa usawa wa kifundo cha mguu. Na huko nje, vicheko vilikuwa vimenyamaza vyote kwa pamoja.

Nyumba hawakuichukua.

Kesho yake asubuhi akamvalisha binti gauni la shule, lile alilolipinda kwa mkono wake juzi lifike magotini. Mtoto akapiga hatua moja, akajikwaa.

"Mama, mbona nalikanyaga?"