Ngozi Kwenye Msumari

Mashine ya kukerezea mbao ya Fundi Liberatus ilikuwa imekatwa kichwa.

Ndivyo alivyolalamika mwenyewe kituoni Iringa, Jumapili ya Matawi, mwaka 1956. Kishikio chake, lile duara la chuma lenye taya nne za kuuma mti ili uzunguke, kiliibiwa yeye akiwa misa ya kwanza. Vinara sita vya kanisa la Ilula vilitakiwa kabla ya Pasaka, na alikuwa amekereza viwili tu.

"Mwizi namjua, Inspekta. Ni Yotamu. Nilimfukuza kazi mwezi wa kumi kwa mdomo wake. Jana kaonekana mtaani kwetu, leo asubuhi kapanda basi la Mbeya."

Jumatatu Yotamu akatiwa mbaroni kwao Iyunga, Mbeya. Alipekuliwa, hakukutwa na kitu. Akahojiwa, hakusema kitu. Haya, akawekwa mahabusu. Na fundi aliyefungwa kwa wizi, nani tena atamfungulia mlango wa karakana?

Inspekta Crispin Kalinga alikuwa na ugonjwa mmoja: kesi nyepesi zilimnyima raha. Jumanne akaenda karakanani.

Mhimili wa mashine ulikuwa mtupu, bila mkwaruzo. Kwenye msumari ukutani ilining'inia pete ya ngozi. Aliigusa, vidole vikapata mafuta.

"Hii ni nini?"

"Hukaa nyuma ya kishikio, chuma kisigandane na chuma," alisema Liberatus. "Bila hiyo, ukitaka kukitoa unabana gogo kwenye taya, unazuia mhimili, unalipiga gogo nyundo kuelekea kushoto mpaka jasho likutoke. Ukiwa na ngozi, unakifungua kwa mikono."

"Nani alibuni?"

"Mke wangu. Aliikata kwenye mkanda wangu wa zamani, Krismasi."

"Krismasi Yotamu alikuwapo?"

Liberatus akakuna kichwa. "Hakuwapo."

Jirani, Bibi Apolonia, alikuwa mgonjwa, na kitanda chake kiliegemea ukuta wa karakana.

"Jumapili ulisikia nyundo, bibi?"

"Nyundo? Ningeshukuru Jumapili hata moja nisiisikie. Siku hiyo palikuwa kimya, nikalala."

Kalinga akarudi kituoni, akapiga simu Mbeya. Yotamu akaletwa kwenye simu.

"Wewe ungekitoaje kile kishikio?"

"Kwa nyundo, afande. Kimeng'ang'ania pale miaka."

"Jumamosi ulifuata nini Iringa?"

"Hayo ni yangu, afande."

"Unamficha nani, Yotamu?"

Yotamu akamrudishia askari simu.

Jioni Kalinga alimkuta Severina, mke wa fundi, akipepeta mahindi, Liberatus akiwa kando. Akamwekea ile pete ya ngozi juu ya ungo.

"Mama, mwizi gani anaiba chuma, halafu anaipaka ngozi mafuta na kuitundika pale pale?"

Severina akaitazama ngozi. Machozi yakamtoka.

"Mkono umezoea, baba. Hata sikujua kama nimeitundika."

"Kishikio kiko wapi?"

"Kwenye kihenge, chini ya mahindi."

Liberatus akaruka. "Severina! Wewe?"

"Mimi! Jumamosi Yotamu alifuata patasi zake. Akachungulia dirishani uliposimamisha mashine, akaona ufa kwenye kishikio. Akaniambia, mama, siku kikipasuka kinazunguka, utamzika mume wako. Nikakuambia jioni ile ile. Ulisemaje?"

Fundi akainamisha kichwa. "Nilisema Pasaka haisubiri."

"Ndiyo! Nikangoja uende misa. Nilitaka nikuambie ukitulia. Askari wakawahi, nikaogopa. Na yeye kule akajua ni mimi, akanifichia siri. Nimemkosea, Mungu anajua."

Kishikio kikatolewa kihengeni, kikapelekwa karakanani. Kalinga akakigonga kwa kijiko. Kikatoa sauti ya chungu kibovu. Liberatus akachukua nyundo, akakipiga mara moja tu, wala si kwa nguvu. Taya moja ikadondoka miguuni pake, pamoja na kipande cha duara.

Akaiokota. Alipokereza, taya zile zilipita kila siku mbele ya uso wake. Akakaa chini kwenye maranda.

"Asante, mke wangu," alisema.

Kalinga aliifunga kesi kwa furaha ambayo hakujisumbua kuificha. Siku ile ile akapiga simu Yotamu aachiwe.

Alhamisi Kuu, Liberatus na Severina walishuka Iyunga wamechafuka vumbi, na vipande vinne vya mti ndani ya kikapu. Yotamu alikuwa kwenye mashine yake ndogo ya kukanyaga kwa mguu. Akawaona, akasimama.

"Shikamoo, Fundi."

Miaka minane walifanya kazi pamoja, na Liberatus alikuwa akiicheka lugha ya Yotamu, Kinyakyusa, kila alipoisikia. Sasa alivua kofia, akaushika mkono wa Yotamu kwa mikono yake yote miwili.

"Ndaga fijo," alimshukuru. "Ndaga fijo, mwenzangu."

Yotamu akachukua kikapu.

"Vimebaki vinne, siyo? Mama, keti. Fundi, wewe kanyaga, mimi nikereze."

Na Fundi Liberatus akakanyaga.